Kibao cha Babu

Satsuki aliusikia uvumi ule msibani, ukamganda. Kwamba baba mkwe wake, mzee Eizaburo, siku ya wimbi kubwa alikuwa ameshafika kilimani, mzima kabisa, halafu akageuka. Alirudi nyumbani kuchukua vibao vya majina ya marehemu wa ukoo. Hakuonekana tena, hata maiti yake.

Mama mkwe wake, bibi Fukuyo, hakuna aliyethubutu kumwambia.

Miaka ikapita. Ukajengwa ukuta mrefu wa zege, watu wakahamishiwa nyumba mpya kilimani. Mwani ukarudi baharini, na vibanda vya kuuchemshia vikarudi ufukweni. Lakini Fukuyo alikataa katakata kukipandisha kilimani kibao cha jina la mumewe. Alikiweka kibandani, rafu ya juu.

"Huko juu hapajui," alisema. "Akitoka baharini atatutafuta pale pale."

Kila asubuhi mjukuu wake, Kotoha, mtoto wa Satsuki ambaye hata shule hajaanza, alikipelekea kibao wali wa moto na kukiamkia: "Babu, umelalaje?" Satsuki alitazama. Kueleza babu alivyokufa, angeanzia wapi?

Asubuhi moja ya mavuno walikuwa wanachemsha mwani, kibanda kimejaa mvuke.

"Satsuki, huo mwani unautia chumvi au unaubembeleza?" alitania Mitsue, jirani yao.

"Mwache," alidakia Fukuyo. "Mkwe wangu ana mkono wa bahili."

Walikuwa bado wanacheka ardhi ilipotikisika. Sufuria likapinduka, maji ya moto yakatapakaa. King'ora kikaanza kulia.

"Tokeni! Juu, juu!" alipiga kelele Satsuki.

"Tulia, mama wee," alisema Mitsue, anavua glavu taratibu. "Ule ukuta si ndiyo kazi yake?"

Lakini naye akatoka. Fukuyo miguu ilikuwa imekwisha nguvu, kwa hiyo Satsuki alimshika kiunoni, akamwambia Kotoha: "Shika aproni yangu, usiiachie." Wakapanda ngazi za kilimani. Katikati ya ngazi akaona aproni inapepea. Hakuna mtu nyuma.

"Mama! Kotoha yuko wapi?"

Fukuyo aligeuka kutazama chini. "Aliniuliza nani atambeba babu," alisema. "Nikadhani anauliza tu."

Satsuki alishuka mbio, ngazi zinampita bila kuzihisi. Kwenye lango la ukuta, ambalo halikufungwa, aliona bahari imejivuta nyuma, mashua zimelala ubavu kwenye tope. Kimya. Hata shakwe hawakulia.

Kibandani mtoto alikuwa amesimama juu ya ndoo, mikono ameinyoosha rafuni.

"Mama, sifiki. Babu hawezi kutembea."

Satsuki alimnyakua. Mkono wake mwingine ukapanda wenyewe kuelekea kibao. Kilikuwa karibu, angekigusa. Mlio ukaanza huko nje, kama malori mengi yanakuja kwa pamoja. Akaushusha mkono, akakimbia.

"Babu! Unamwacha babu!" Kotoha alimpiga mgongoni kwa ngumi, njia nzima.

Walikuwa wameshafika ngazini maji yalipokizoa kibanda, yakaingia langoni. Waliokuwa ngazini walikiona kinazunguka, mvuke bado unatoka.

"Mama," alisema Satsuki, "baba alikufa hivi hivi. Alirudi."

Fukuyo alikuwa anamfuta mjukuu makamasi kwa kitambaa cha kichwani.

"Najua," alisema. "Nilimwona akigeuka. Nikajivunia."

Satsuki akamshika Kotoha mkono. Tangu siku ile humwambia kila mwenye mtoto pale kilimani haya:

Usiweke kibao cha marehemu mahali maji yanapofika.
Usimfundishe mtoto kumwamkia babu bila kumwambia kwamba babu hafi mara ya pili.
Usimshikishe mtoto nguo yako. Mshike mkono.
Usiutegemee ukuta.
Usifiche jinsi mtu alivyokufa.
Usirudi. Hata kama ni jina la baba yako, usirudi.