Sufi ya Mto

Daktari alimwambia Mjomba Hatibu asipoacha sigara kifua kitamuua. Mwanawe akamletea vepu, sigara ya umeme ya kuvuta mvuke, kutoka Dar, akaizoea. Kwa upande wa mama nimebakiwa na yeye tu, kwa hiyo koili ya vepu, ule waya wa ndani unaopasha moto, ilipoungua nilizunguka mjini kutwa. Sikupata nyingine. Fundi simu alinipa waya, akanionyesha kuuzungusha kwenye bisibisi nyembamba, mizunguko ikae bega kwa bega bila kupandana.

Nyumbani Kilakala nikakosea, nikaukunjua, nikaanza tena. Mjomba kibarazani anasugua vidole.

"Mpwa wangu, unasuka waya au unasuka mkeka?"

"Vumilia, Mjomba."

Ikabaki pamba ya kupitisha katikati, inywe maji ya vepu. Ndani hatukuwa nayo, nikachomoa sufi kwenye mto. Nyeupe, laini, nikaona ni yale yale. Mjomba akavuta, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Umenivutisha mto, mama!"

Alicheka, lakini kifua hakikutulia. Nilipoifungua vepu nikakuta sufi ni kavu, imeungua. Kumbe sufi hainywi maji. Nikakimbilia duka la dawa kununua pamba.

Niliporudi alikuwa na sigara mdomoni, wala hakuificha. Nikakaa chini, nikapitisha pamba, nikaiacha ilowe, nikampa. Akavuta mara moja. Mvuke ukatoka mzuri, hakukohoa.

"Umejua, Mwanvita. Umejua kweli."

Akanirudishia vepu kiganjani, akawasha sigara nyingine.