Pini za Nikaso

Nikaso alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Aigina toka utosini hadi unyayoni, na aliyetaka ushahidi aliyatazama mabega yake. Vazi lake lilishikiliwa na pini mbili za shaba, ndefu kupita mahitaji, na urefu huo ulikuwa wa makusudi. Zamani mwanamume mmoja wa Athene alirudi peke yake kutoka vitani Aigina, na wajane wa wenzake wakamzunguka wakimchoma kwa pini zao, kila mmoja akimuuliza mume wake yuko wapi, mpaka akafa. Tangu hapo wanawake wa Athene wakakatazwa pini, wakavishwa kanzu za kitani zilizoshonwa mabegani. Wa Aigina waliposikia, wakazirefusha za kwao. Ilikuwa jeuri tupu, na Nikaso aliivaa kila asubuhi kwa raha zake.

Mwajemi alipokaribia na majeshi yake, Waathene wakauhama mji wao, wanawake na watoto wakapewa hifadhi Aigina. Wanaume walipanda merikebu za vita, wakajikusanya kwenye maji membamba ya Salamisi, na merikebu za Aigina zikaenda kusimama nao. Evarkhos, mtoto wa pekee wa Nikaso, alikuwa mpiga kasia. Mama yake alimfungia mikate ya shayiri na zeituni, kisha akamuaga mbele ya majirani.

"Ukiwaona Waathene wanazama, mwanangu, usijivunje mgongo kuwaokoa."

Majirani walicheka sana. Kesho yake Waathene wawili walikuwa nyumbani kwake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini Nikaso hakuona atakachopona. Alikuwa amepangiwa kumpokea Hegeso, mwanamke wa rika lake, na bintiye Theano, mwenye mimba ya kuhesabiwa siku. Mume wa Theano alikuwa huko huko Salamisi, kwenye merikebu ya Athene.

Nikaso na Hegeso walianza kuchokozana kabla mizigo haijashushwa. Hegeso aliuonja mkate wa Aigina akasema ungefaa kuzibia ukuta. Nikaso akamjibu kwamba mtu aliyevaa gunia la nafaka asizungumzie kuta. Wakafika hadi kwa miungu. Kule Oia, mlimani, kulikuwa na hekalu la miungu wawili wa kike wanaolinda uzazi, na sanamu zao zimepiga magoti. Nikaso alisema walipiga magoti siku babu zake Hegeso walipowafunga kamba ili wawaburute hadi Athene, wakagoma kuondoka. Hegeso alisema ni fundi tu aliyepungukiwa na mbao. Nikaso ilibidi akimbilie ghalani, acheke huko, mgeni asije akajiona mshindi.

Siku zikapita. Hegeso akawa ndiye anayekanda unga, na Nikaso ndiye anayemkanda Theano mgongo kwa mafuta ya zeituni. Msichana alimwita mama bila kuombwa. Nikaso, ambaye maisha yake yote alikuwa ametamani binti akanyimwa, alijifanya hajasikia, ili aitwe tena.

Uchungu ulimshika Theano asubuhi ile ile merikebu zilipogongana Salamisi. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa bado amekwama. Mkunga aliamuru kila fundo nyumbani lifunguliwe, nywele zifumuliwe, mikanda ivuliwe, maana kilichofungwa humfunga mtoto. Haikusaidia. Akawaita pembeni, akasema limebaki la Oia. Wanawake wa kisiwa kile, uzazi ukiwaelemea, huwapelekea miungu pini za mabegani mwao.

Theano hakuwa na pini. Hegeso alitazama huku na huku, akaushika mtungi wake mwekundu uliochorwa wasichana wakicheza, kitu pekee alichotoka nacho kwao, akaelekea mlangoni. Nikaso akamzuia. Kitu cha Athene hakiingii mle, alimwambia, hata kikombe, tangu siku ya zile kamba.

"Na mtu wa Athene?"

"Wala mtu."

Hegeso aliutua mtungi chini taratibu.

"Basi mwanangu anakufa kwa makosa ya babu yangu," alisema.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikaso alichomoa pini ya kulia, akachomoa ya kushoto, akashika vazi lake kifuani kwa mkono mmoja lisimdondoke, akaupanda mlima hivyo hivyo. Waliomwona njiani walidhani amerukwa na akili.

Hekaluni, mama aliyewahudumia miungu wale alizipokea pini na kuuliza zinatolewa kwa ajili ya nani, kwani sadaka isiyo na mwenyewe haipokelewi.

"Za binti yangu."

Yule mama alimjua Nikaso tangu usichana. Alijua kabisa kwamba alizaa mara moja tu, na kwamba alizaa mvulana. Alimtazama alivyolowa jasho, akilishikilia vazi lake.

"Binti yako anaitwa nani?"

"Theano."

"Hilo ni jina la kwetu?"

"Sasa ni la kwetu," alisema Nikaso.

Yule mama akaziweka pini kwenye magoti ya miungu.

Nikaso alimsikia mtoto akilia kabla hajafika nyumbani. Alikuwa wa kike. Mkunga, aliyekuwa amemgeuza tumboni kwa mikono yake miwili, alikuwa na maoni yake kuhusu nani wa kushukuriwa, lakini hakuulizwa. Hegeso alitafuta sindano na uzi, akamshona Nikaso vazi mabegani, mtindo wa Athene.

"Umekuwa gunia, shoga yangu," alisema huku machozi yakimtoka.

"Nyamaza ushone."

Hapo ndipo Theano alipouliza kama kuna habari za mumewe, na Nikaso akayakumbuka yale aliyomwambia Evarkhos.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Mwajemi hakuwahi kuambiwa hivyo. Alikuja na jembe, akakuta ndugu wamepatana, na merikebu za Aigina zikarudi na mashada ya ushindi. Mji mzima ulishuka bandarini ukiimba. Nikaso hakuimba. Evarkhos alishuka amefungwa vitambaa viganjani, akayaona mabega ya mama yake, akaanza kucheka.

"Mama, nani kakuvisha hivi?"

"Achana na nguo. Waathene waliokuwa wanazama, mliwafanyaje?"

Kijana aliinamisha kichwa.

"Tulijivunja migongo, mama. Nisamehe. Walikuwa wanawaita mama zao, kwa lugha yetu."

Nikaso alimkumbatia kwa nguvu. Mume wa Theano alikuwa hai, lakini habari hiyo ilikuwa bado njiani. Alichokuwa nacho Nikaso ni mwanawe tu, na alimshika mpaka uzi wa bega la kushoto ukakatika, vazi likaanza kuteleza.

Hegeso alikuwa nyuma yao amembeba mjukuu. Alimpa Evarkhos mtoto ambebe. Kisha akaushika upindo wa vazi la Nikaso begani kwa mkono wake, na akatembea naye ameushikilia hivyo hadi nyumbani.