Ngano Iliyowashiwa Taa

Mlangoni nilibandika karatasi yenye herufi kubwa kubwa: USIFUNGUE, MICHE IKO GIZANI. Sasa niambie, mtu mwenye macho mawili na shahada tatu anashindwaje kusoma hapo?

Mle ndani nilikuwa na trei za ngano iliyoota bila kuonja mwanga hata chembe. Miche mingine michanga, jani ndiyo kwanza linachomoza. Mingine imezeekea gizani, majani yake marefu, ya njano, yamelegea. Swali langu lilikuwa moja tu: ukiiwashia taa yote kwa pamoja, jani lililozeeka gizani litageuka kijani na kuanza kujitengenezea chakula upesi kama jani changa, au ndiyo limeshachelewa? Nilipanga kuwasha na kupima kesho yake asubuhi. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha wiki ileile. Bila matokeo hayo hakuna mkataba mwingine, na shahada niliyokuwa naisomea ningeisikia kwenye bomba.

Basi nikiwa namwagilia maji kwa kupapasa, akaingia mkuu wetu wa maabara. Tunamwita Mzee wa Picha, maana kamera haimpiti. Nyuma yake wafadhili na mpiga picha. Akaacha mlango wazi, akawasha taa kubwa ya darini, akaanza kuhutubia.

"Zima taa!" nikapiga kelele. "Mkuu, tafadhali, zima!"

"Tulia, binti yangu," akacheka, akiwageukia wageni. "Huyu ana wivu na mimea yake."

Wageni nao wakacheka. Akanyanyua trei akaipakata kama kichanga cha kliniki, na mimi nikaambiwa nisogee, nawaziba. Ebo! Kisha akaagiza taa isizimwe, kuna mpiga picha mwingine anakuja. Ikawaka mpaka jioni. Miche michanga ilishaanza ukijani, ile mizee bado ya njano na ncha zimebadilika kidogo tu. Jibu langu lilipita mbele ya macho yangu bila kupimwa. Nililia kwa hasira, sifichi.

Asubuhi akaniita ofisini. Mkataba mpya ulikuwa mezani.

"Pima hivyohivyo," akasema. "Andika imetoka gizani leo."

"Mkuu, imekaa kwenye mwanga tangu jana. Uliwasha wewe."

"Nani atajua? Wafadhili wanasubiri ripoti. Usiwe mbishi, saini tuendelee."

Damu ikanichemka. Kila ripoti ya maabara ile jina lake ndilo la kwanza, hata zile ambazo hakushika koleo wala mizani.

"Sawa," nikamwambia. "Basi hii andika wewe. Weka jina lako peke yako."

Akarudi nyuma na kiti chake. "Aa, hapana. Mimi kwenye hilo nisihusishwe."

Nisihusishwe! Yaani uongo anaujua ni uongo, ila kinywa cha kuusemea kiwe changu. Nikamsukumia mkataba wake, nikaenda kumwaga trei zote jalalani. Mwenzangu wa meza ya jirani akanishika mkono, "Dada, mkono mtupu haulambwi, saini ule." Nikamwambia ale yeye.

Ijumaa nikakabidhi funguo.

Mwezi uliofuata ripoti ilitoka hata hivyo. Ina vipimo ambavyo sikuvipima, na inasema miche ilikaa gizani mpaka asubuhi ile. Safari hii Mzee wa Picha hakuweka jina lake popote. Mwandishi ni mmoja tu: mimi.