Jiwe la Kuvulia Viatu

Mdachi aliyekuja kupima milima ya Kolo aliitwa Bwana Miguu Mitatu. Miwili alizaliwa nayo. Wa tatu watu walimkopesha kwa ajili ya chombo chake cha kupimia, kilichosimama juu ya fito tatu na ambacho hakukiacha nyuma hata akienda kujisaidia. Ulikuwa mwaka ambao reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma. Alishuka hapo, akachukua wapagazi thelathini, akatembea siku tisa, na alipofika kwetu akamwambia jumbe kwamba hatalala kijijini. Majogoo wangemwamsha na watoto wangegusa vitu vyake. Alitaka mahali pa faragha milimani, penye kivuli, maji na utulivu, apige hema lake huko miezi miwili mpaka ramani iishe.

Jumbe alimtoa Hassani ampeleke kuchagua. Hassani ni baba yake babu yangu. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mrina asali, mwenye mizinga kwenye miti ambayo mbuzi wenyewe hawakuifikia. Jumbe alisema amemchagua kwa sababu anaijua milima. Watu wa nyumbani walijua sababu nyingine: Hassani alikuwa na mdomo usiofungwa, na jumbe alitaka kupumzika.

Jioni ile mama yake, Mwantum, alimngoja mpaka amalize kula. Mwantum alikuwa mtu wa swala tano, na pia alikuwa ndiye anayekwenda kule mvua ikichelewa, kama mama yake alivyokwenda. Watu wa Kolo hawakupapa jina mahali hapo. Walisema "kule" na kuinua kidevu kuelekea mlimani, kwenye miti mirefu myeusi iliyozunguka mwamba wenye michoro myekundu, na chini ya mwamba chemchemi isiyokauka. Mvua ya mwaka ule ilikuwa imechelewa wiki tatu. Zilibaki siku kumi mwezi uandame, apande na kibuyu chake cha unga wa mtama, aumwage pale akiomba mvua.

"Mpeleke popote," alimwambia. "Kule usimpeleke. Akikaa miezi miwili pale, mimi nitapanda kwenda wapi?"

Hassani akamwambia asiwe na wasiwasi, atamzungusha yule Mdachi mpaka miguu yote mitatu iote malengelenge.

Walitoka asubuhi watu watatu: Bwana, Hassani, na nyapara wa wapagazi, Mgogo wa Zuzu aliyebatizwa Kefa. Kefa alikuwa mrefu, mpole, na alibeba zile fito begani. Sisi watu wa Kolo ni Warangi, na Mrangi na Mgogo wakikutana hawahitaji siku mbili kuzoeana, utani unawangoja njiani kabla yao. Mlima wa kwanza haujaisha, Hassani alikuwa ameshamwonea huruma mtani wake, kwamba kwao Zuzu kichuguu ndicho kinaitwa mlima. Kefa akajibu huku akihema kwamba sasa ameelewa kwa nini Warangi ni wafupi: wamepanda mpaka miguu imekwisha.

Hassani aliwapeleka kwanza mtoni. Bwana akautazama mchanga mkavu, akauliza maji yako wapi, akaambiwa yako chini, yanachimbwa. Akageuka akaondoka. Hassani akawapandisha mgongo wa mlima, mahali pazuri kweli, unaona nchi yote mpaka macho yanachoka, ila upepo uliichukua kofia ya Bwana na Kefa akakimbizana nayo kama anayekimbiza kuku. Maji ya kupeleka pale yangepanda vichwani mwa watu kila siku. Bwana akasema hapana.

Mahali pa tatu Hassani alipaweka akiba, maana alipapenda mwenyewe. Palikuwa uwanda mdogo katikati ya miyombo, kuna kijito chembamba, na juu kwenye matawi ilining'inia mizinga yake saba. Bwana akafurahi. Akavua kofia, akakaa juu ya jiwe, akasema hapa. Hassani akaona kazi imekwisha. Kilichomharibia ni nyuki wake mwenyewe. Bwana alikuwa amejipaka mafuta ya kunukia kichwani, na nyuki wa mrina hawajui heshima ya serikali. Alipigwa miiba mitatu, miwili shavuni na mmoja sikioni. Akaondoka pale akiwa amevimba upande mmoja, na hasira upande wa pili.

Hapo akatoa darubini yake. Akaizungusha milimani polepole, kisha ikasimama. Hassani hakuhitaji kuuliza imesimama wapi.

"Miti ile," Bwana akasema. "Mirefu. Chini yake lazima kuna maji."

Hassani akamweleza kwamba ni mbali. Bwana akapima kwa jicho, akasema ni nusu saa. Hassani akasema njia ni ya miiba, kuna chui, kuna nyoka, wote kwa mpigo. Bwana akasema atawapima pia. Basi Hassani akaona afadhali awe mbele kuliko nyuma. Alijua kijia kinachopita ukingoni mwa msitu ule bila kuingia, kinateremka upande wa pili hadi kijijini. Angewapitisha hapo mbiombio, akiongea, na Bwana angeona miti tu kama miti mingine.

Akaongea. Kefa alisimulia baadaye kwamba hajapata kumsikia mtu akiongea namna ile. Hassani alisimulia harusi ya shangazi yake, punda wa jumbe, namna ya kumtambua nyuki malkia, na jinsi Wagogo wanavyoimba wakiwa na njaa. Bwana, pamoja na shavu lake, alicheka mara mbili. Miti ilikuwa karibu, upande wa kushoto, na Bwana alikuwa anamtazama Hassani badala ya miti.

Kando ya kijia kile kuna jiwe pana, limelala kama ng'ombe anayecheua. Ndipo inapotengana njia ya kwenda kule. Toka Hassani alipojua kutembea mama yake alimfundisha kwamba kwenye jiwe lile mtu anavua viatu na anafunga mdomo, hata kama anapita tu, hata kama amebeba kuni, na hafungui mpaka ameliacha nyuma hatua mia. Hakuwahi kulifikiri. Ni kama wewe unavyofumba macho ukipiga chafya.

Alikuwa katikati ya neno. Neno likakatika. Miguu yake ikatoka kwenye viatu vya ngozi, mkono ukaviokota, akaendelea kutembea peku, kimya, kichwa kimeinama.

Alikwenda hatua saba au nane ndipo akagundua kwamba nyuma yake hakuna anayetembea.

Bwana Miguu Mitatu alikuwa amesimama mbele ya jiwe. Alilitazama jiwe, akaitazama njia iliyoingia mitini, imekanyagwa ikawa laini, kisha akaitazama miguu ya Hassani.

"Hassani," akasema, "kwa nini umevua viatu?"

Mdomo ule uliosimulia punda na harusi ulikuwa umekauka.

"Na kwa nini umenyamaza?"

Kefa alikuwa anajua. Kwao pia kuna mahali pa namna hiyo, na ubatizo haukumfutia kumbukumbu. Aliangalia chini, akiomba mtani wake apate neno.

Neno likapatikana, na Hassani alilisema kwa sauti ndogo, maana kusema uongo pale kulimuuma kuliko kufungua mdomo kwenyewe. "Ni makaburi, Bwana. Ya watu wa ndui. Tunavua viatu tusiubebe ugonjwa mpaka nyumbani."

Bwana akarudi nyuma hatua moja. Yeye mwenyewe alikuwa amechanjwa, kovu lilikuwa mkononi, lakini wapagazi wake thelathini hawakuchanjwa, na ramani haichorwi na mtu mmoja. Akamgeukia Kefa. Akamuuliza kama hayo ni kweli, kama na kwao wanafanya hivyo.

Hapa ndipo Kefa alipokosea, na alikosea kwa sababu ya kumpenda. Mtani hawezi kupewa jambo akalirudisha lilivyo, lazima aongeze. Aliona uongo wa Hassani ni mwepesi, unahitaji mzigo juu yake usipeperuke.

"Kweli, Bwana," akasema. "Tena kwetu Zuzu, mtu akikanyaga mahali pa ndui kwa mguu mtupu, hata nyumba yake inachomwa."

Bwana akaichungulia miguu ya Hassani. Akatoa daftari, akaandika.

Siku ya pili yake ilitoka amri. Njia ya kwenye miti ile imefungwa kwa miiba kuanzia kwenye jiwe, na hakuna ruhusa mtu yeyote kuingia. Hema litapigwa kwenye mgongo wa mlima, wapagazi watapandisha maji. Na nyumba ya Hassani ichomwe, kwa usalama wa watu wote.

Waliambiwa watoe vitu vya chuma na vyungu tu. Kefa alipewa kazi ya kuwasha, maana yeye ndiye aliyejua desturi. Alikuja na kijinga cha moto, akasimama mlangoni, akashindwa kuinua macho. Kwa utani wao, mtu akifiwa ni mtani anayekuja kufanya kazi nzito wengine wakilia, na huwa anafanya akiwachekesha wafiwa. Kefa alijaribu. Alisema kwamba sasa ataona kama Mrangi anajua kulala nje kama Mgogo mchunga ng'ombe. Hassani akamshika kiwiko, akamsogeza mpaka kwenye nguzo.

Tembe haliungui kama nyumba ya nyasi. Juu ni udongo mtupu. Moto ulikula miti ya ndani kwanza, taratibu, na paa likabaki limekaa juu ya moshi kama halijaambiwa. Kisha likaketi chini lote kwa pamoja. Baba yake Hassani ndiye aliyezichonga nguzo zile.

Mwantum alitazama akiwa amekaa juu ya kinu chake kilichokuwa uani. Hakumlaumu mtu. Walipoondoka watu ndipo akasema, "Umepafunga."

"Nimepafunga wasiingie wao, mama."

"Na sisi."

Walihamia kibanda cha shambani. Kwa siku nyingi alikwenda kwenye mizinga yake na kurudi bila kusema na mtu, na watu wakaanza kusema huenda kweli amepatwa na ugonjwa.

Mwezi ukaandama. Mawingu yalikuja mchana na kwenda zao. Kutoka kwenye mgongo wa mlima Bwana aliiona njia yote kwa darubini yake, na kila siku asubuhi aliielekeza kwenye jiwe kuona kama miiba bado ipo. Kijia cha ukingoni hakikufungwa, wachanja kuni walipita. Lakini mtu angevua viatu pale akatembea peku na kimya, hata baada ya nyumba kuchomwa kwa ajili ya mguu mtupu, Bwana angejua kwamba si ndui inayoheshimiwa pale na kwamba alidanganywa, na safari hii asingeandika kwenye daftari tu.

Siku ya Ijumaa Mwantum alichukua kibuyu chake cha unga, kilichopona moto kwa kuwa kilikuwa shambani, akakitoboa chini kitundu cha kupita kidole, akakiziba kwa tambara. Akakifunga ndani ya kanga mgongoni. Akamwita mwanawe.

"Vaa viatu," akasema.

"Mama."

"Vaa. Na mimi nimevaa. Tunakwenda kuchanja kuni."

Walipanda. Jua lilikuwa kali, na juu kule, kwenye mgongo wa mlima, kioo cha darubini kilimeta. Walipolikaribia jiwe, miguu ya Hassani ikaanza kuwa mizito na mdomo wake ukafunga. Mwantum akageuka akamtazama.

"Wewe ndiye uliyejaliwa mdomo katika nyumba hii," akasema. "Ongea."

"Niongee nini hapa?"

"Unachojua. Usinyamaze mpaka tumelipita."

Akatafuta mzaha, yeye ambaye mizaha ilimjia bila kuitwa. Hakukuwa na hata mmoja. Basi akasimulia kilichokuwa tumboni. Alisimulia nyumba ilivyoungua. Alisimulia paa lilivyokataa kuanguka, eti lilikuwa linangoja kuambiwa kwa Kidachi. Alisimulia Kefa alivyosimama na kijinga kama mtu aliyekuja kuazima moto akasahau kurudi kwake. Alieleza nguzo moja moja, ipi ilianguka mbele ya ipi. Mama yake alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, kama anayesikia mambo ya harusini, na machozi yalimwenda mpaka kidevuni. Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma, ndani ya kanga. Tambara lilikuwa limetoka. Unga wa mtama uliteremka mstari mwembamba juu ya jiwe na juu ya miiba, na hakusimama, wala hakupunguza mwendo.

Walikwenda hatua mia. Hassani akanyamaza. Alikaa chini akavua viatu vyake, akavikung'uta vumbi, akavivaa tena.

Kama mvua ilinyesha mwaka ule au haikunyesha, hapo ndugu hatupatani. Shangazi Zaitun anasema ilinyesha siku ya tatu na ikalibeba hema. Wengine wanasema watu walikula mizizi. Bwana Miguu Mitatu alimaliza ramani yake, akaenda zake. Miiba ilioza. Kefa alirudi Kolo baada ya mavuno akiwa na shoka, akakaa mwezi mzima kwa mtani wake, na nguzo za nyumba mpya alizichonga yeye.

Njia ikafunguka, lakini Mwantum hakurudisha desturi ya zamani. Alisema wenyewe wa kule wameshatuzoea hivi. Mpaka leo ukoo wetu ukipita pale tunapita na viatu miguuni, tunapiga soga na kucheka. Mgeni anayetuona anaweza kudhani hatuna adabu. Mimi mwenyewe nimepita mara nyingi, na mimi si mtu wa kukosa la kusema. Lakini nikilifikia jiwe lile nyayo zangu zinaanza kuwasha ndani ya viatu, na inabidi nimtafute mtu wa kumsimulia kisa cha nyumba iliyoungua.