Namba Niliyomwazima Shemeji

Mjinga mkubwa ni mimi, na ninalisema mwenyewe kabla hamjanisema. Nilimwazima shemeji yangu namba yangu ya mlipakodi.

Usumani, kaka yake mke wangu, alikuja dukani kwangu Nyamirambo, akakaa juu ya majora ya vitenge. "Shemeji, vigae vyangu vimekwama forodhani. Namba yangu iko na matatizo. Nipe yako mara moja tu. Undugu ni kufaana, ama?" Wafanyabiashara hapa huazimana namba kama majirani wanavyoazimana chumvi. Nikampa. Mara moja ikawa mara tisa, nami sikuuliza. Loo, sikuuliza!

Miaka mitatu baadaye barua ikaja: vigae vyote vimeandikwa kwa jina langu, kodi haikulipwa, faini na riba juu yake. Faranga milioni thelathini na nane. Mimi, ambaye sijawahi kuuza hata kigae kimoja!

Lillian, binti wa ofisi ya kodi aliyekulia Kampala, alinieleza kwa upole. "Mzee Sharif, una siku thelathini za kukata rufaa. Leta maandishi ya mwenye mali, akiri kwamba vigae ni vyake. Ama ulipe kwa awamu, mwaka mmoja, uweke nyumba dhamana. Ukikosa awamu, nyumba inaenda mnada."

Nyumba yangu iko Ndera. Miaka kumi na minne ya kukata vitambaa iko mle, sina kingine.

Nilimfuata Usumani, nikamtukana mpaka majirani wakatoka nje. Alilia, kisha akasaini karatasi niliyomwandikia. Usiku huo nikapata usingizi, mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Siku ya mwisho ya rufaa mke wangu, Gwiza, akasema tunakwenda wote ofisi ya kodi. Nikafurahi. Kumbe! Hata hatujakaa sawa mbele ya Lillian, akauliza: "Akitoa hiyo karatasi, kaka yangu atafanywa nini?"

"Atashtakiwa, mama. Anaweza kufungwa."

Gwiza akanigeukia. "Baba Kamikazi, yule ndiye aliyenilea. Baba alipokufa, aliacha shule ili mimi nisome. Ukimfunga, usinikute nyumbani." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Niliwachukia wote wawili, wallahi, na nilimwonea huruma mke wangu. Nikaichana ile karatasi, nikasaini awamu. Naye akasaini, maana nyumba ni yetu wote.

Nililipa miezi minne. Niliuza pikipiki, nikauza vitenge kwa hasara mpaka rafu zikabaki tupu. Usumani nilimwomba achangie; akaapa hana hata ya sukari. Mwezi wa tano nikashindwa. Mwezi wa nane nyumba ikapigwa mnada, kwa bei ya kutupa.

Siku ya kuhama tulikuwa tunafunga magodoro kwa kamba, Usumani akaingia, kanzu imepigwa pasi, karatasi za mnada mkononi. Mnunuzi ni yeye.

"Msitoe vitu, shemeji," akasema. "Kaeni tu, sisi ni familia. Mtanilipa kila mwezi, polepole."

Gwiza akaliweka godoro chini, akamshika kaka yake mikono yote miwili.

"Mungu akubariki," akamwambia.