Kaka Aliyerudi Kitabuni

Mwaka ule wa hofu, watu walipokuwa wakiuawa na kutoweka bila kujulikana mkono wa nani, jua likianza kuinama tu, watu wa Kibiti walifunga maduka, wakaita watoto wao, wakakomea milango. Ukasha, kaka yake Biasha, alitoka baada ya Magharibi kufuata pikipiki yake kwa fundi. Hakurudi. Mwili haukuonekana, wala hakutokea mtu wa kusema nilimwona mahali fulani. Majirani walipokuja kutaka kusoma hitima, mama yake, Bi Habiba, aliwauliza, "Hitima ya nani?" Wakanywa chai, wakaondoka.

Miaka ikapita. Biasha akawa fundi cherehani, anashona sare za shule pale pale barazani kwao. Mpangaji wao Elinipendo, nesi aliyetokea Upareni, ndiye aliyemwazima vitabu vitatu vya vijana, hadithi moja iliyofuatana. Ilikuwa habari ya mji uliozungushiwa ukuta. King'ora kikilia jioni, anayekutwa nje anachukuliwa na walinzi wenye makoti ya kijivu. Msichana mmoja, Tausi, amechukuliwa kaka yake, naye anaapa kuuangusha mji.

Biasha alianza kusoma ili kumridhisha mpangaji. Haukupita muda, sare za watu zikawa zinalala mezani bila vifungo. Jinsi Tausi alivyosikiliza nyayo nje ya dirisha, jinsi alivyoziba pumzi, yote hayo Biasha aliyajua mwilini mwake kabla ya kuyasoma. Lakini kulikuwa na kurasa zilizomchoma.

"Adui wa kwenye kitabu ana koti," alimwambia Elinipendo. "Wa kwetu hakuwa na koti. Mtu akikusalimia unaogopa kuitikia. Halafu huyu Tausi anakimbia gizani huku anamuwaza mvulana! Mimi nilikuwa nawaza haja ndogo, naogopa kutoka kwenda chooni."

Elinipendo akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Basi acha kusoma, dada."

"Siwezi kuacha."

Bi Habiba, aliyekuwa akisuka ukili wa mikeka hapo hapo barazani, akataka kujua ni kitu gani hicho kinachomsahaulisha binti yake chungu jikoni. Basi ikawa kila baada ya Alasiri Biasha anamsomea. Bi Habiba aliwalaani walinzi kana kwamba wamesimama uani. "Mtoto ana akili huyu," alisema juu ya Tausi, "ila hasali."

Kitabu cha tatu kilipofika katikati, mlango wa Tausi uligongwa. Macho ya Biasha yakatangulia mbele ya sauti yake. Akaona kilichokuwa chini ya ukurasa: kaka mtu amesimama kizingitini, amekonda, ana ndevu, anacheka.

"Aliyegonga alikuwa jirani," Biasha akasema. "Amekuja kuomba moto."

Mikono ya mama yake ikasimama juu ya ukili. "Soma kilichoandikwa."

"Nimesoma, mama."

"Sauti yako si ya jirani, Biasha."

Akasoma. Kaka aliingia, akamkumbatia dada yake, wakalia, na ukurasa uliofuata walikuwa tayari wanapanga vita. Sura ilipoisha, Bi Habiba akauweka ukili chini.

"Alikula nini?"

"Nani?"

"Huyo kijana. Aliporudi."

Biasha akarudisha kurasa, akatafuta. "Chakula hakikuandikwa."

"Hata maji ya kuoga hakupewa? Hawakumuuliza alikuwa wapi?" Bi Habiba akatikisa kichwa. "Aliyeandika haya hajawahi kungoja mtu." Kisha, kwa sauti ndogo, akasema, "Hebu rudia pale anapogonga."

Biasha akarudia. Akarudia tena na tena mpaka adhana ya Magharibi ikaingia. Alikuwa amekwisha kukichukia kitabu, na huku sikio lake lenyewe limeelekea mlangoni.

Tangu siku hiyo mama hakutaka hadithi isonge mbele. Alitaka ukurasa ule tu. Jioni Biasha alikomea mlango, akirudi anakuta komeo limeondolewa na mama ametulia mkekani, anautazama mlango. Siku moja ukurasa wenyewe ukawa haumo kitabuni. Biasha aliuona umekunjwa kwenye pindo la kanga ya mama yake.

Akavikusanya vitabu, akavirudisha chumbani kwa Elinipendo.

"Kimoja kimechanika," alisema. "Mama ameubakisha ukurasa. Nisamehe."

Elinipendo alivipokea polepole. "Umefika mwisho lakini? Maana yule kaka..."

"Usiniambie!"

Elinipendo akaviweka vitabu juu ya kitanda.

"Cha nne kinatoka mwakani," hatimaye Elinipendo akasema. "Nikuletee?"

Biasha alikuwa amekusudia kusema hapana. Alikuwa nayo kabisa ulimini.

"Niletee," akasema, akaona haya.

Kutoka barazani Bi Habiba alikuwa akimwita, aje amsomee ukurasa ule, jua linazama.