Mtoto Asiyelia

Harufu ndiyo iliyomtoa Mwatima chumbani. Alimkuta mwanawe Sichana, wa miaka minne, amekaa uani kando ya seredani, kiganja juu ya makaa, anamtazama paka ukutani. Mwatima akamvuta mkono. Ngozi ikabaki kwenye makaa. Mtoto hakulia, tangu azaliwe hakuwahi kulia kwa maumivu.

Majirani wa Kikwajuni walishasema yote: jini, husuda, mama mzembe. Mumewe Usi, hamali wa bandarini, alikwishaacha kuuliza. Mwatima mwenyewe siku hizo alipika, alifua, aliitikia salamu, basi.

Hospitali walimkuta Daktari Matar, aliyerudi masomoni ng'ambo mwaka ule wa hamsini na tisa. Aliufunga mkono, kisha akamchoma Sichana sindano kwenye kidole cha mkono usioungua. Sichana akacheka. Daktari akamweleza mama taratibu. Mishipa ya fahamu huchipuka mtoto angali tumboni, ikatoka karibu na uti wa mgongo kuifuata ngozi. Wataalamu waliochunguza vifaranga ndani ya mayai walikuwa wamegundua protini inayoifanya mishipa hiyo ikue, isiyoipata hunyauka. Huenda mishipa ya maumivu ya Sichana haikuipokea ishara hiyo. Alikuwa anakisia tu, alisema.

"Nlikula nini, daktari? Au nlifanya nini?"

"Hukufanya kitu, Bi Mwatima."

"Itaota tena?"

"Sidhani."

Mwatima akatikisa kichwa kama aliyeambiwa duka limefungwa. Akashukuru, akajitanda buibui, wakatoka. Njiani aliyangoja machozi, hayakuja.

Tangu hapo kila jioni alimkagua mtoto nyayo, ulimi, vidole. Alimfundisha kutumia macho: kinachotoa moshi usikiguse, ukiona damu njoo. Sichana akashika upesi, kama anavyoshika nyimbo.

Masika yalipoingia, alasiri moja alikuja akiacha alama nyekundu sakafuni. Kigae cha chupa kilikuwa kimezama kisiginoni. Mwatima akakichomoa, akaosha jeraha, akalifunga kwa kitambaa.

"Inauma?" aliuliza, ulimi umeteleza tu.

"Kuuma ndo vipi, mama?"

Mwatima akakaza fundo la kitambaa. Alikumbuka kwamba uchungu wa kumzaa mtoto huyu uliwahi kumliza, lakini ulivyokuwa hasa hakuweza kuupata.

"Sijui," akasema. "Nshasahau."

Usi aliporudi alipakuliwa wali na mchuzi wa papa. Wakala wote watatu, mvua ikipiga mabati.